Madebe Mawili ya Magadi

Ndoo ilikuja na basi kutoka Nairobi, nyeupe, ya plastiki, mfuniko wake umezungushiwa utepe wa gundi mara tatu. Mwanangu ndiye aliyeiagiza kutoka huko ng'ambo anakofanya kazi. "Baba, hiyo ni dawa ya kupandisha kipimo cha pH ya maji kikishuka," aliniambia kwenye simu. "Lakini usiishike kwa mkono mtupu." Nilikuwa nimekwisha kuishika. Nilikuwa nimelowesha vidole bwawani, nikachota unga kidogo na kuusugua kwa dole gumba. Ukateleza kama sabuni, halafu ukaanza kuuma pale nilipojikata na kisu siku iliyotangulia. Mtu aliyelelewa kwenye jiko la mama wa Kijaluo hahitaji kusoma maandishi ya kwenye ndoo. Yalikuwa magadi. Yamesafishwa, yamesagwa laini, yamepewa jina la kigeni, lakini yalikuwa magadi yaleyale.

Mwanangu aliendelea kuongea. Nikamjibu ndiyo, ndiyo. Simu ilipokatika nilikaa kwenye ukingo wa bwawa.

Bwawa lenyewe liko nyuma ya nyumba aliyoijenga hapa Migori. Yeye huja wiki mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote ninaishi humo peke yangu na kuitunza. Ni bwawa la maji ya chumvi. Unamimina chumvi magunia kadhaa, na kimashine kilichofungwa kwenye bomba kinaigeuza chumvi hiyo kuwa klorini. Fundi aliyelijenga alitoka Kisumu, akaja mara mbili kulisafisha, mara ya tatu akaacha kupokea simu. Maji yakawa kijani kama mrenda. Mwanangu akasema, "Baba, jifunze tu mwenyewe, si kazi ngumu, nitakutumia video." Nikajifunza. Alidhani ananifundisha kitu kipya uzeeni. Sikumwambia kwamba niliwahi kuwa mtunzaji wa bwawa la chumvi nikiwa na miaka kumi na mmoja, na kwamba bwawa hilo lilifia mikononi mwangu, likaenda na miguu ya dada yangu Awino, ambaye tumemzika Sori kabla ya mvua hizi kuanza.

Wenzangu wa rika langu wataikumbuka Homa Bay ya pamba. Msimu ukifika, barabara nzima ilikuwa na nyuzi nyeupe zilizonasa kwenye michongoma, na darasani tuliisikia mashine ya kuchambulia ikinguruma hadi mwalimu akalazimika kupaza sauti. Baba alifanya kazi katika kimojawapo cha viwanda vya pamba, karibu na ziwa. Tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja na jiko la nje. Msimu wa pamba ukiisha, wenzake walirudi makwao kulima, lakini Baba alibaki, kwa sababu alikuwa na kazi ya pili: kutunza bwawa la kuogelea lililokuwa nyumbani kwa Meneja.

Meneja alikuwa Mhindi mnene, mtu wa maneno machache. Mkewe tulimwita Mama Meneja. Alizaliwa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa kama cha redio. Chetu cha bara kilimchekesha, lakini hakucheka kwa namna ya kuudhi. Ziwani hakuingia kamwe, aliogopa kichocho. Lakini bwawa la maji matupu nalo hakulipenda. "Maji haya hayanishiki," alisema. "Yananiachia nizame. Maji ya kwetu yanakubeba kama mtoto." Basi Baba aliletewa chumvi ya mawe, magunia kwa magunia, akaimimina bwawani hadi Mama Meneja alipoonja kwa ncha ya ulimi na kusema inatosha. Mumewe alipita na kuuliza, "Leo mnapika nini humo? Tulete ndimu?"

Msimu wa pamba uliofuata, Baba alihitajika mashineni kutwa nzima, na bwawa likaangukia kwangu kila nikitoka shule, yeye akipita asubuhi tu kukagua. Alinifundisha kwa juma moja. Kwanza wavu, kwa sababu jani likizama linakuwa kazi ya pili. Kisha brashi, kutoka juu ya ukuta kwenda chini, ili utelezi wa kijani ufuate maji yanakotolewa. Chumvi haimwagwi mahali pamoja. Unazunguka na ndoo ukiinyunyiza, halafu unapiga brashi hadi punje zote ziyeyuke, maana ikilala rundo inakula sakafu. Chujio lilikuwa pipa la mchanga, na ili kulisafisha ulizungusha mpini maji yakapita kinyume, yakatoka machafu kama chai, ukangoja hadi yang'ae. Na kulikuwa na vichupa viwili vya kupimia. Unachota maji, unatia matone. Kimoja, cha dawa ya kuua vijidudu, kiwe njano hafifu, kama kiini cha yai la kuku wa kizungu. Kingine, cha kuonyesha asidi, kiwe chekundu cha kufifia, kama ndani ya pera.

Kazini Baba aliongea Kiswahili hata nami, kana kwamba bwawa lilikuwa ofisi. Siku ya mwisho ya mafunzo alinipeleka upande wenye kina kirefu na kunionyesha, chini kabisa karibu na tundu la kutolea maji, kigae kimoja cheusi.

"Unaona hiyo kigae?"

"Naiona."

"Ukiiona vizuri, watu wanaweza ingia. Usipoiona, hata kama ni Meneja mwenyewe, mwambie leo hakuna kuoga."

"Mimi nimwambie Meneja?"

"Mwambie. Hiyo maji ni yako sasa."

Sijawahi kupewa kitu kikubwa zaidi ya hicho. Wavulana wenzangu walikuwa na ndama, wengine mitego ya kware. Mimi nilikuwa na maji.

Awino alikuwa na miaka minane. Homa ilimpata akiwa na miwili, ikamwacha na miguu miembamba iliyokunjana magotini, isiyonyooka hata akilala. Alitembea kwa mikono. Baba alimkatia akala ndogo kutoka kwenye gurudumu la lori, saizi ya viganja vyake, na akizivaa alikimbia njiani hivi kwamba kuku walimpisha. Mdomo wake ulikuwa mkali. Wavulana wakimuuliza mbona anatembea kama mbuzi, aliwauliza mbona wao wanatembea kama watu na bado wanakuwa wa mwisho darasani.

Siku moja alinifuata nilipompelekea Baba chakula, na Mama Meneja akamwona tukipita getini kwake.

"Huyu nani?"

"Dada yangu, Mama."

"Mbona anatembelea mikono?"

Awino akajibu mwenyewe. "Miguu imelala, Mama. Nimeiacha ipumzike."

Mama Meneja alicheka, kisha akaacha kucheka na kuchuchumaa, akayashika yale magoti. Jumapili ile ile alimwingiza bwawani. Nilisimama ukingoni na wavu wangu. Maji ya chumvi yalimwinua Awino kutoka kiunoni, miguu ikashuka chini yake polepole, na vidole vyake vikagusa sakafu. Alikuwa wima. Nilikuwa sijawahi kumwona dada yangu wima. Sikujua kwamba alikuwa mrefu hivyo.

"Inanishika," alisema. Hakusema kwa sauti kubwa. Alikuwa kama mtu anayeogopa kuliamsha hilo lililomshika.

Tangu hapo alikuja kila Jumapili na kila Jumatano. Mama Meneja alikuwa amesikia kwamba daktari wa mifupa hupita hospitali ya misheni mara moja kwa mwaka, kabla ya Pasaka, akiwafungia watoto wa aina hiyo vyuma vya miguu wakatembea. Lakini vyuma havifungwi kwenye goti lililokunjana. Lazima goti linyooke kwanza. Basi baada ya kila zoezi alimlaza Awino kifudifudi kwenye mkeka ukingoni, akamwekea rula yangu ya shule nyuma ya mguu, kutoka paja hadi shavu la mguu, na kuhesabu ni vidole vingapi vinapita kati ya rula na shimo la goti lililobonyea. Walianza na vine. Mwezi ukaisha vikawa vitatu. Kisha viwili.

"Vikifika kimoja, tunakwenda kwa daktari," Mama Meneja alisema. "Ukirudi hapa, hizo akala za mkononi utampa kaka yako azivae yeye."

"Ataweza?" Awino akauliza. "Huyu hata kwa miguu anajikwaa."

Kisha vidole viwili vikakaa viwili. Juma la kwanza, juma la pili, la tatu. Daktari alikuwa amebakiza mwezi mmoja tu afike. Mama Meneja alimkanda magoti zaidi, Awino akauma meno bila kulia, na rula ikasema vilevile. Sikulala vizuri siku hizo. Maji yalikuwa yangu. Niliona kwamba kushindwa kwa magoti kulikuwa kushindwa kwa maji.

Jibu lilinijia jikoni. Mama alikuwa amepika maharagwe ya mwaka uliopita, yaliyokuwa yamechemka tangu asubuhi yakabaki kokoto. Mwishowe alichukua kipande cha magadi, yale ya kijivu yanayouzwa sokoni kwa vifungu, akakisaga na kutia. Povu likapanda. Muda si mrefu maharagwe yakawa yanavunjika kwa mwiko. Nilimuuliza kama magadi yanaweza kulainisha kila kitu. Mama alikuwa na moshi machoni na hakunitazama. "Kila kitu," alisema. "Hata buti za baba yako nikizitia magadi, tutazila kwa ugali."

Aliponiambia hivyo alikuwa anatania, na mimi nilijua anatania kuhusu buti. Kuhusu magoti sikuona utani. Chumvi ilimshika dada yangu, lakini chumvi hailainishi kitu. Nyama ikitiwa chumvi inakauka. Kilichokosekana bwawani kilikuwa magadi. Nilishangaa watu wazima hawakuliona jambo rahisi kama hilo.

Nyuma ya kiwanda kulikuwa na mlima wa mbegu za pamba. Nilijaza gunia nusu, nikalipeleka kwa mama mmoja aliyeuza magadi sokoni na ambaye nilijua ana ng'ombe wa kulisha. Alinipa madebe mawili kwa mbegu hizo, akaniangalia juu hadi chini. "Kwenu mnapikia sufuria ya ukubwa gani?"

"Ni ya harusi," nikasema.

"Nani anaoa? Wewe?"

Sisi tulikuwa Wasabato. Ijumaa jua likitua, kazi zote zinalala hadi Jumamosi jioni. Kwa hiyo Ijumaa ile nilikwenda mapema, nikayaponda magadi kwa jiwe nyuma ya chumba cha pampu, nikayakoroga kwenye ndoo kwa mikono, nikazunguka bwawa nikimwaga kama nilivyofundishwa kumwaga chumvi. Sikufanya ovyo. Nilifanya kwa utaratibu wote wa Baba. Na maji yakabadilika mbele ya macho yangu. Yalianza kama moshi chini, yakapanda, na kabla ya kumaliza debe la pili bwawa lote lilikuwa jeupe, kama chai inapotiwa maziwa. Moyo wangu uliruka. Niliona kwamba dawa imeshika. Nilipopima, kile kichupa cha rangi ya pera kilikuwa zambarau nzito, kama ulimi wa mtoto aliyekula matunda ya jina hilo. Nilikuwa sijawahi kuiona rangi hiyo, nikaiona nzuri.

Kisha nikaenda upande wenye kina na kutafuta kigae cheusi. Hakikuwapo. Nilijiambia kwamba Jumapili kitaonekana.

Jumamosi kutwa tulikuwa kanisani, na Baba, kama Sabato zote, hakukanyaga bwawani. Jumapili asubuhi nilikwenda mbele ya wengine. Maji yalikuwa meupe vilevile, na juu yake kulikuwa na utando. Mama Meneja akatoka na kitambaa chake, Awino akaja nyuma yake akipiga akala kwenye saruji, amekwisha kuvaa gauni la kuogea.

"Omera," aliniita, yaani kaka, "leo umetupikia uji?"

Mama Meneja alitia mkono majini, akausugua, akaunusa. Akamshika Awino bega asisogee, na kumwita mumewe. Mumewe alipofika akamwita Baba.

Lazima nieleze kwamba mwezi ule wafanyakazi kadhaa walikuwa wamefukuzwa kiwandani, wakaondoka na maneno makali. Meneja aliyatazama yale maji nikaona anaogopa.

"Okelo, nani ameingia hapa?" akamuuliza Baba.

"Hakuna mtu, bwana."

"Wewe umetia nini?"

"Chumvi na dawa, kama siku zote."

"Jana ulikuja kuangalia?"

"Jana ilikuwa Sabato, bwana."

"Ndiyo," Meneja alisema taratibu. "Sabato." Kisha akanigeukia. "Na wewe kijana, Ijumaa uliona nini?"

Awino alikuwa ameniangalia tangu mwanzo, bila wasiwasi wowote. "Muulizeni huyu," aliwaambia. "Huyu anajua kuyatengeneza."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa neno la jikoni, neno ambalo kila mtu pale alilijua. Mama Meneja alikuwa amenitazama kwa upole. Hata Meneja hakuwa na hasira nami. Nikasema, "Mimi nilitoa majani tu."

Jioni Baba alinikuta nachanja kuni. Akaniuliza, safari hii kwa lugha ya nyumbani, "Kuna kitu unataka kuniambia?"

"Hapana, Baba."

Alichukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza kiganja juu. Ngozi ilikuwa imebabuka kwa magadi, nyeupe, inaning'inia kati ya vidole. Aliiangalia. Kisha akaurudisha mkono ule ubavuni mwangu, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe.

"Haya," akasema. "Kamsaidie mama yako."

Hakuniuliza tena, siku hiyo wala maisha yake yote.

Jumatatu Meneja aliamuru maji yote yamwagwe. Hakujua ni kitu gani kimetiwa, na mtu asiyejua ana haki ya kuogopa sumu. Yalitoka kwa mtaro kuelekea ziwani siku mbili mfululizo, na nyasi za kando ya mtaro zikakauka. Awino alikaa pale siku zote mbili, akala zake mapajani, akiyatazama yakienda. Baba alimwambia Meneja, "Bwana, usiache bwawa tupu, mvua iko karibu." Lakini maneno ya Baba yalikuwa yamekwisha thamani mahali pale. Mvua zikaja, ziwa likapanda, na maji ya ardhini yakalisukuma lile bwawa tupu kutoka chini. Asubuhi moja tulisikia mlio kama wa mti unaovunjika. Sakafu ilikuwa imeinuka na kupasuka katikati. Kigae cheusi kilikuwa vipande viwili, kimoja kinatazama huku, kingine kule.

Mama Meneja alimpeleka Awino kwa daktari hata hivyo. Vidole vilikuwa vimerudi vinne. Daktari alisema aletwe mwakani, magoti yakinyooka. Mwakani Mama Meneja alikuwa amekwisha kurudi Mombasa, mumewe amehamishwa, na sisi hatukuwa na bwawa wala mtu wa kupima kwa rula. Daktari wa mwaka ule aliyagonga magoti kwa kidole na kusema yameshakuwa magumu.

Baba hakuitwa tena msimu uliofuata. Tulihamia Sori, mji wa wavuvi kando ya ziwa, akawa mwanika omena, dagaa wa huko. Na Awino, ambaye alikuwa na akili kuliko sisi sote, aliyapanga mambo kichwani mwake kwa namna pekee aliyoweza. Maji yalikuwa mazuri Ijumaa. Jumamosi hakuna aliyeyaangalia. Jumapili yalikuwa yameharibika. "Baba alichagua kanisa," alisema, akiwa na miaka tisa, mbele ya Baba mwenyewe, sahani ya ugali kati yetu. Baba alitafuna, akameza, akanyoosha mkono kuchukua tonge jingine. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao. Tangu siku hiyo Awino hakukubali kubebwa kwenda kanisani tena. Baba alikwenda, kila Sabato, na kila Sabato alipovaa koti alimwangalia Awino mlangoni, akangoja kidogo, kisha akatoka.

Nilisoma hadi kidato cha nne, nikawa karani wa ghala, nikaoa, nikapata watoto. Awino alibaki Sori, akijipatia riziki kwa kuziba nyavu za wavuvi, kazi ya kukaa. Baba alipofariki, mimi ndiye niliyesoma sifa zake kanisani. Nilisoma kwamba alikuwa mkweli na mvumilivu. Kupitia dirishani nilimwona Awino amekaa nje kwenye mchanga, ametupa mgongo, anaziba wavu.

Sasa nirudi kwenye ile ndoo. Baada ya kuinuka pale ukingoni nilitafuta kijitabu kilichokuja na mashine, nikavaa miwani, nikasoma sehemu ambayo sikuwa nimeifikia. Ilieleza kwamba ukizidisha unga huo, kipimo kitapanda na maji yatakuwa meupe kama maziwa. Usiogope, kilisema. Usimwage maji. Tia asidi kidogo kidogo, acha pampu izunguke, safisha chujio, ngoja. Baada ya siku chache maji yatarudi.

Asidi ilikuwapo kiwandani, madumu kwa madumu, ya betri za malori. Nilikuwa nikiyaona kila siku njiani kwenda kwa Baba. Na Meneja alikuwa mtu aliyesoma. Angesikia neno "magadi" angejua la kufanya kabla sijamaliza kulitamka. Juma moja tu, na Awino angekuwa majini tena, na daktari bado hajafika. Maisha yangu yote nilikuwa nimejilaumu kwa magadi, na nilikuwa nimeanza kujisamehe, kwa kuwa nilikuwa mtoto na nilimpenda dada yangu. Kumbe magadi hayakuwa kitu. Magadi yalikuwa na dawa.

Nilimwandalia Awino maji kuliko nilivyowahi kuandaa kitu chochote. Nilipima asubuhi na jioni. Nilinunua kigae cheusi, nikampa kijana mmoja anayeweza kuzama akakibandika chini. Kisha nikamtuma dereva Sori akamlete. Alikuja na kibeti na akala zake za mkononi, za tano au za sita tangu zile za Baba, ameshakuwa bibi kizee mwenye mikono ya mwanamume. Majirani wawili wanawake walinisaidia kumteremsha. Maji yakamwinua. Miguu haikushuka, ilibaki imekunjana mbele yake, kama kiti kilichofungwa. Lakini alifumba macho akaegemeza kichwa kwenye ukingo.

"Inanishika," akasema.

Majirani waliingia ndani kupika chai. Tulibaki wawili. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa juma zima. Nilikuwa hata nimeyaandika kwenye karatasi iliyokuwa mfukoni.

"Jaduong'," aliniita, kama tunavyoitana sisi wazee, "wewe umekuwa mtaalamu. Hebu niambie. Maji yanaweza kuharibika vile kwa Jumamosi moja?"

Nilitazama chini. Kigae kilionekana, cheusi, kingo zake zote nne. Nikatazama uso wa Awino, uliokuwa umetulia kama nilivyouona mara moja tu maishani. Nikafikiri, nikimwambia sasa, atampoteza kaka na hatampata Baba. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini mimi nilijijua. Nilijua mkono wangu ulikuwa umefumbwa mfukoni juu ya ile karatasi, ili asiuone.

"Maji huharibika upesi," nikasema.

"Jumamosi moja," akasema Awino. "Angekosa kanisa Jumamosi moja tu."

Nikamwambia amekaa majini sana, atapata baridi.

Alirudi Sori kesho yake. Kifua kilimshika miezi miwili baadaye, na nilipofika alikuwa hatambui watu. Tulimzika upande wa pili wa boma, mbali na Baba, kama alivyokuwa ameagiza. Vijana waliotoa vitu vyake waliuliza zile akala zipelekwe wapi. Nikazichukua.

Ziko hapa chumba cha pampu, kwenye msumari, kando ya wavu. Mwanangu alipiga simu juzi kuuliza bwawa linaendeleaje; nikamwambia linaendelea vizuri, na ni kweli. Kila asubuhi natoa majani, napiga brashi, natia matone. Njano hafifu, wekundu wa pera. Kisha nakwenda upande wenye kina na kutazama chini. Kigae kinaonekana. Watu wanaweza kuingia. Nasimama pale mpaka jua linichome shingo, halafu nafunika bwawa na kurudi ndani.